Mama Mugongo na Mjane wa Beni

Jumatatu, 9 Septemba

Titulaire Onésime, mkuu wa kituo chetu cha afya, amenipa daftari hili. Anataka niandike kila mama ninayemsindikiza katika uchungu: jina lake, saa aliyoingia, saa ya mtoto, mstari mmoja, basi. Nimemwambia ndiyo. Halafu nimefika nyumbani nikaona kurasa ni nyingi, na mimi ni mtu ambaye akifunga mlango wake jioni hana wa kumwambia neno mpaka asubuhi. Mistari ya Onésime nitamwandikia kwenye karatasi. Daftari nabaki nalo.

Naitwa Orpa. Nina miaka arobaini na nane. Naishi Vulamba, hapa Butembo, pale mlima unapoanza kuwa mkali na njia inateleza. Kazi yangu ni kushona, lakini mama akishikwa na uchungu wananiita, naacha mashini na nguo za watu. Mimi si mzalishaji. Kupokea mtoto ni kazi ya Kavuo, mkunga wetu. Mimi nasugua mgongo wa mama, namtembeza, nampa maji kidogo kidogo, namwambia kinachokuja kabla hakijaja. Mama mkwe akianza kulia, nampa kitu cha kufanya. Ndiyo sababu kituo kizima wananiita Mama Mugongo.

Leo mvua ya kwanza kubwa. Imeanza saa tisa, haijaisha.

Ijumaa, 13 Septemba

Bibi ya Gérard amezaa mvulana. Gérard anauza vipuri vya pikipiki mjini. Alikuja na shati jeupe kama mtu wa harusi, akasimama nje chini ya mabati akiangalia simu iliyokuwa imezimika. Nilimwambia aingie, apande kitandani nyuma ya bibi yake, amwache aegemee kifua chake, na asijaribu kusema maneno ya akili. Apumue tu, pole pole, na bibi atamfuata. Kavuo hakupenda. Alisema wanaume wanamletea matope ndani. Lakini Gérard alikaa saa tano bila kunyanyuka, na mtoto alipotoka, baba alilia kumshinda mtoto.

Walipokuwa wanaondoka aliniaga kwa mikono miwili, kisha akanisahau palepale. Ni vizuri hivyo. Mtu mwenye mtoto wa kwanza anasahau hata viatu vyake.

Alhamisi, 19 Septemba

Mvua. Hakuna mama. Nimeshona mashati sita ya shule.

Jumamosi, 21 Septemba

Sokoni nimekutana na mama mmoja niliyemsindikiza mwezi wa saba. Siku ile alinishika shingo akaniita mama yake, akaniapia mambo ambayo hakuna mtu anayaapa akiwa mzima. Leo ameniona akiwa mbele ya mchuuzi wa maharagi, akageuza uso akaanza kuuliza bei ya kitu ambacho hakutaka kununua. Mtoto alikuwa mgongoni, amenona.

Zamani jambo hili lilinikasirisha. Sasa nalielewa. Nimewaona wakiwa uchi na woga wao, nimesikia waliyoyasema juu ya bwana zao na juu ya Mungu. Nani anataka kukutana na shahidi kama huyo kati ya maharagi na vitunguu? Nimepita kama sikumwona. Ni sehemu ya kazi. Hakuna aliyenifundisha sehemu hiyo.

Alhamisi, 26 Septemba

Leo nimefukuzwa. Msichana alikuwa ameshafika nusu ya uchungu, amenishika vizuri, anapumua nami. Mama mkwe wake akaingia, akaniangalia tangu kichwani mpaka miguuni, akamwuliza Kavuo mbele ya wote:

“Huyu si ule mwenye hajazala? Mutu hajazala atamufundisha nini mwenye kuzala?”

Nikajua mtu amempa habari zangu, nusu tu. Nilitaka kutoka bila kujibu. Ni Kavuo aliyejibu, akiwa amewapa mgongo, anaosha mikono:

“Amezala mara ine. Ya mwisho ni mimi nilimuzalisha. Hakuna mwenye aliishi. Bon, unataka nikuonyeshe na makaburi?”

Hata hivyo mama mkwe hakutaka nirudi. Niliketi nje mpaka mtoto akalia. Sikumkasirikia yule mama sana. Nilimkasirikia Kavuo. Miaka kumi na miwili nimekificha kitu hicho, naye amekitupa katikati ya chumba kama maji machafu.

Watatu walizaliwa wakiwa wamekwisha kufa. Wa nne aliishi siku mbili. Nimeandika, sitaandika tena.

Alhamisi, 3 Oktoba

Kavuo amempiga msichana kofi kwenye paja kwa sababu alifunga miguu. Nimetoka nje nisiseme neno baya. Sijawahi kumwona mwanamke huyu akigusa mtu kwa upole.

Jumapili, 6 Oktoba

Kanisani, kisha nyumbani. Mvua.

Ijumaa, 11 Oktoba

Leo siku ya wenye mimba kupimwa. Benchi zote zilijaa, wengi wakiwa watu waliokimbia vita kutoka upande wa Beni. Mmoja wao alikuja peke yake. Anaitwa Elsa, miaka ishirini na minne, mimba ya kwanza, miezi minane. Mama mmoja wa parokia amempa chumba nyuma ya nyumba yake. Mimba yote hii amepimwa mara moja tu, na Kavuo alimpigia kelele mpaka barabarani wakasikia, akamwuliza kama anafikiri mtoto anajitunza peke yake. Elsa alikuwa anakunja na kukunjua pembe ya kikwembe, kitenge alichojifunga.

Alipotoka alinifuata kwenye ngazi.

“Ni wewe Mama Orpa?”

Nilisema ndiyo. Hapa hakuna anayeniita hivyo, hata Onésime. Akaniomba niwe naye siku ikifika, kwa kuwa hana mtu. Nilimwambia nitakuwa naye. Nikamwonyesha jinsi ya kulala kwa ubavu wa kushoto na kuweka nguo iliyokunjwa kati ya magoti. Alisikiliza kama mtoto wa shule. Ana uso wa mtu ambaye amelia mpaka akamaliza.

Jumatatu, 14 Oktoba

Ukuta wa jirani umeanguka kwa mvua. Hakuna aliyeumia. Tumetoa matope mpaka jioni.

Ijumaa, 25 Oktoba

Onésime aliniomba nipange fishi, yaani kadi, za wenye mimba, kwa kuwa maji yaliingia kabatini na baadhi zililowa. Nilikuwa nazipanga moja moja, kavu huku, mbichi kule. Nikafika kwenye fishi ya Elsa.

Mume: Syauswa Malachie, mkulima wa kakao. Marehemu.

Mtu wa kuita wakati wa shida: Zacharie, kaka ya mume, Masereka.

Nilisoma mara tatu. Maandishi ni ya Kavuo. Anaandika makubwa, ameyakandamiza, hata mtu asiye na miwani anayaona. Niliweka fishi kati ya zile kavu. Nikaendelea na nyingine. Nilimaliza zote, nikazihesabu, nikamwambia Onésime ziko sawa, nikapanda mlima.

Malachie alikuwa bwana yangu miaka kumi na saba. Ni yeye aliyechimba makaburi yale manne madogo, kwa mikono yake, hakutaka mtu amsaidie. Hakunifukuza. Watu wanafikiri alinifukuza. Familia yake ya kule Masereka walimwambia amepanda mbegu kwenye jiwe, na yeye aliwajibu vibaya kwa ajili yangu, mara nyingi, kisha mara chache. Halafu akaanza biashara ya kakao Beni. Alikuwa anarudi kila mwezi. Kisha kila miezi mitatu. Kisha kwa Noeli. Mwaka wa 2014 Noeli ilifika, nilipika, nikala peke yangu. Hatukutengana kwa maneno, wala kwa karatasi, wala kwa mzee wa kanisa. Aliondoka kama maji yanavyoondoka kwenye chombo chenye ufa.

Nilisikia kwamba ameoa. Sikuwahi kusikia kwamba amekufa. Kutoka Beni mpaka hapa ni safari ya saa mbili. Habari ya bei ya chumvi inafika kabla ya mchana. Hakuna mtu mmoja aliyefikiri kwamba hii ilipaswa kunifikia.

Nimeketi kwenye mashini nikashona. Nimeshona mkono wa kulia mahali pa mkono wa kushoto. Nimefumua, nimeshona tena vilevile.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimemwambia Kavuo amtafutie Elsa mtu mwingine. Hakuuliza kwa nini.

“Mwingine nani? Hakuna mwingine.”

Akaendelea kuchemsha vyombo vyake. Moyo wa jiwe.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua tangu asubuhi.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya marehemu ya Wakatoliki. Tangu saa mbili jirani zangu wamepita na majembe na maua, wanakwenda kusafisha makaburi. Nimewaangalia kutoka mlangoni. Makaburi yangu manne yalichukuliwa na maporomoko zamani, na la tano, la Malachie, sijui liko wapi. Kama ningejua, ningekwenda? Kwa jina gani? Kuna mjane, naye ana kikwembe cheusi na mimba ya kuonyesha. Mimi nina pete ambayo haitoki kidoleni kwa sababu nimenenepa.

Alhamisi, 7 Novemba

Nilikwenda kumwona Elsa kwake. Nilijiambia ni kwa ajili ya kazi, kuona kama ana nguo za mtoto. Ana mbili. Nimempelekea nne nilizoshona, na shuka ndogo.

Ana godoro, sufuria, na kiti kimoja, akanipa mimi kile kiti. Hakuna nilichomwuliza, alianza mwenyewe kusema juu ya bwana yake. Kwamba alikwenda shambani mwezi wa sita na wenzake watatu, kuvuna, na watu wenye silaha wakawakuta huko. Kwamba walizikwa haraka, siku hiyo hiyo, askari wakiwa wanasimamia. Kwamba Malachie alikuwa anaamka kabla ya Elsa na kumpikia chai. Kwamba alikuwa anaongea na mimba kila jioni, akiwa amepiga magoti, na akimaliza anaomba radhi kwa kumsumbua mtoto.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Malachie wangu hakuwahi kupika chai. Malachie wangu, baada ya mtoto wetu wa pili, aliogopa hata kuliangalia tumbo langu. Nilitaka kumwambia msichana huyu kwamba anasema uongo. Halafu nikaona kwamba hasemi uongo. Malachie alikuwa amejifunza, na nani alimfundisha woga ule mpaka akachoka nao? Ni mimi na makaburi yangu. Chai ikaja kwa mwingine.

Nilimwambia mtoto amekaa vizuri. Nikarudi.

Jumatatu, 11 Novemba

Mama mmoja, msichana, kilo tatu. Mama mmoja, mvulana, kilo mbili na nusu. Barabara ya chini imekatika, gari hazipandi.

Ijumaa, 15 Novemba

Naandika Jumamosi mchana, lakini siku ni ya jana, naiachia tarehe yake.

Elsa alifika saa kumi na mbili asubuhi kwa miguu, kandambili mkononi, matope mpaka magotini. Alikuwa amesimama kila uchungu ulipokuja, akashika miti ya nyua za watu, kisha akaendelea. Mtu alinipigia simu, nikashuka. Njia nzima nilikuwa najiambia kwamba nitamtuma mtu aseme ninaumwa. Nilifika kabla sijamaliza kujiambia.

Nilifanya kazi yangu. Hilo naweza kulisema bila aibu. Mtoto alikuwa ameangalia juu, mgongo wake juu ya mgongo wa mama, na hiyo ndiyo inayouma kuliko zote. Mama haumwi tumbo, anaumwa mifupa ya nyuma kama inafunguliwa kwa chuma. Nilimweka kwa magoti na mikono, nikazungusha kikwembe kiunoni mwake nikakivuta pole pole huku na huku. Kila uchungu ulipokuja nilikandamiza kwa kiganja pale chini, kwa uzito wangu wote, mpaka unapita. Nilimwambia: unapanda, unapanda, umefika juu, sasa unashuka. Nilimpa uji kwa kijiko. Kwa saa nne hakukuwa na Malachie ndani ya chumba kile, wala mbele wala nyuma. Kulikuwa na mgongo wa mtu na mkono wangu.

Saa nne asubuhi Kavuo alipima akasema sentimita saba. Alifurahi kwa namna yake, maana yake hakugomba. Saa sita alipima tena. Saba. Saa saba, saba. Uchungu wenyewe ulianza kulegea, ukawa unakuja kwa kuchelewa, kama mtu anayesahau alichokuwa anafanya. Mvua ilikuwa inapiga mabati hata tukawa tunasemezana kwa sauti kubwa. Kavuo aliniita mlangoni.

“Moyo ya mutoto iko muzuri. Lakini njia imesimama. Nangoja mpaka saa munane. Kiisha tunamupeleka kwa hopitali kubwa.”

Tulijua wote wawili maana yake. Barabara imekatika. Wanaume wanne, kitanda cha kubebea, mlima mzima wa matope, na mama aliyechoka juu yake.

Nilirudi nikamnyanyua Elsa, nikamsimamisha, akaning'inia shingoni kwangu, kichwa begani. Tulikuwa tunayumba hivyo, taratibu. Akaniambia sikioni:

“Mama Orpa, acha akae ndani.”

Nilimwuliza kwa nini. Uchungu mmoja ukapita kwanza.

“Mutoto akitoka, Malachie atakuwa amekufa kabisa. Sasa tuko babili tunamungoja, miye na mutoto. Akitoka ataniuliza baba iko wapi.”

Nimesindikiza wamama mia tatu, labda zaidi. Najua la kusema kwa anayeogopa kupasuka, kwa anayeogopa mama mkwe, kwa anayeogopa kufa. Nilichomwambia Elsa hakikutoka kwenye kazi.

“Elsa, hata miye nilikuwa namungoja. Miaka kumi. Nilikuwa bibi yake.”

Hakushtuka. Mikono yake ilikaza shingoni kwangu.

“Najua,” alisema.

Akanieleza vipande vipande, kati ya uchungu na uchungu. Malachie hakuwahi kumficha jina langu. Alikuwa amemwambia kwamba vita vikimfukuza Beni, na yeye Malachie hayupo, aende Butembo amtafute Orpa wa Vulamba, ule hawezi kufukuza mutu. Katika Butembo yote, Elsa alijua jina moja tu. Ndiyo sababu aliuliza maternite, nyumba ya uzazi, ninayofanyia kazi, akaja kwenye benchi yetu, ingawa nyingine ilikuwa karibu zaidi na chumba chake.

Nilimwuliza sababu gani hakusema tangu mwanzo.

“Niliogopa. Niliona ukijua, utaniacha.”

Sijui nani kati yetu alianza. Najua kwamba nililia, nikiwa nimebeba mwanamke mwenye mimba, jambo ambalo mtu wa kazi yangu hapaswi kulifanya. Nililia kwa ajili ya Noeli ile, na kwa ajili ya mtu aliyechimba mashimo manne bila msaada, halafu akachimbiwa lake kwa haraka, askari wasiomjua wakisimamia. Na yeye alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mdomo wazi, kama watu wanavyolia msiba. Mwili wake wote ulikuwa unatikisika mikononi mwangu. Nikamwambia:

“Nilizala mara ine, na mara zote moyo yangu ilikuwa peke yake. Weye leo hauko peke yako. Hapana ogopa.”

Ndipo nikaona Kavuo. Alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni, na ile pembe ya kusikiliza moyo wa mtoto magotini, na alikuwa pale muda wote. Alisimama akatoka. Nilifikiri anakwenda kuita wanaume wa kubeba. Alirudi na beseni ya maji ya moto na kitambaa. Akapiga magoti sakafuni, akaanza kumwosha Elsa miguu, matope yale ya asubuhi ambayo sisi wote tulikuwa tumeyasahau, kidole kimoja kimoja.

Uchungu ulirudi. Haukurudi ule wa kusahau, ulikuja kama mtu anayejua nyumba. Saa nane Kavuo alipima akasema tisa, akasema tena, tisa, kama hakujiamini. Mtoto alikuwa amegeuka. Saa tisa kasoro robo Elsa alisema anataka kusukuma, na Kavuo hakumpigia kelele hata moja. Alimwacha apige magoti kama alivyotaka, ameshika mabega yangu, paji lake kwenye paji langu. Mtoto alitoka saa tisa na dakika kumi. Msichana. Alilia mara moja, kwa sauti nzuri.

Kavuo alimpangusa akamweka kifuani kwa mama yake. Nilimwangalia. Nilikuwa nimeogopa siku nyingi kwamba nitamwona Malachie usoni mwake. Sikumwona. Alikuwa na uso wake mwenyewe, umekunjamana, umekasirika, mzima.

Jumapili, 17 Novemba

Mtoto ananyonya vizuri. Elsa ameniomba nimwambie jinsi Malachie alivyokuwa kijana. Nimemwambia habari ya siku aliyoanguka na baiskeli ndani ya mto wakati wa kuja kuniposa, akaingia kwa baba yangu akiwa amelowa, akakataa kuvua koti. Amecheka mpaka akashika tumbo, akasema inamuuma, akacheka tena. Miaka kumi sijamwambia mtu hadithi hiyo. Nilidhani nimeisahau.

Alhamisi, 21 Novemba

Mvua imepungua. Barabara wameitengeneza kwa mawe.

Jumapili, 24 Novemba

Zacharie amekuja na gari la viazi linalorudi Masereka tupu, pamoja na bibi yake, kumchukua Elsa na mtoto. Ni haki. Mtoto ni wao, na Masereka kuna nyumba, maziwa, watu. Mtoto wa mwisho wa kaka yao, na wa kwanza. Wameuza mbuzi ili waje na vitenge vipya.

Zacharie amezeeka. Zamani alikuwa ananiita shemeki. Leo alishika kofia mkononi akatafuta neno, akaniita mama, kama mtu wa barabarani. Alisema Malachie alizikwa Beni kwa haraka, kwa sababu ya hali ya usalama. Alisema walifikiri kunitumia habari, lakini hawakujua nitaipokea namna gani, kisha siku zikapita. Nilimwambia siku huwa zinapita. Hakukuwa na ubaya ndani yake. Hiyo ndiyo iliyonichosha zaidi, nilikuwa nimemchukia muda mrefu mtu ambaye ni mkulima mwoga tu.

Nilimfunga mtoto vizuri ndani ya shuka kwa ajili ya baridi ya kule juu. Nilimwonyesha bibi ya Zacharie jinsi Elsa anavyopenda kushikwa mgongo wakati wa kunyonyesha, kwa sababu bado unamuuma. Elsa alinishika mkono mbele yao, muda mrefu kuliko inavyopaswa.

“Wasingya, mama,” alisema. Asante.

Halafu gari likaondoka, likateleza kidogo kwenye kona, likapanda. Niliingia ndani ya chumba chake nikafagia. Nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo.

Jumatano, 27 Novemba

Hakuna mama. Hakuna mvua. Nyumba yangu ina kimya ambacho sikuwa nakisikia mwezi wa tisa. Nimeongea na mashini.

Jumapili, 1 Desemba

Leo sikwenda kanisani. Niliketi tu. Saa nane hivi mtu alibisha. Nilifikiri wananiita kwa uchungu, nikachukua kikwembe na mafuta yangu, nikafungua. Ni Kavuo, katika nguo za Jumapili, na kitambaa cheusi kichwani. Hajawahi kufika kwangu. Nilimwuliza ni nani ameshikwa.

Alisema hakuna. Alivua viatu mlangoni, akaingia, akaacha viti vyote viwili, akaketi chini sakafuni, miguu ameinyosha, mgongo ukutani.

“Nilikuja kwa matanga,” alisema. “Samahani, nimechelewa.”

Nilisimama na mafuta mkononi. Kisha nikaketi kando yake. Hakunishika. Hakusema Mungu ametoa wala Mungu ametwaa. Alianza kulia yeye, kwa sauti, ile sauti ndefu ya mama zetu, Kavuo ambaye sijawahi kuona chozi lake, na mimi nikafuata. Nililia jina lake. Nililiita kwa nguvu, Malachie, Malachie, mpaka mlima mzima ukasikia.

Jirani walikuja mmoja mmoja. Mwenye ukuta ulioanguka, na mkwe wake, na yule mama wa nyumba ya juu ambaye hatujawahi kusalimiana vizuri. Walisimama mlangoni na watoto wao, wakauliza ni nani amekufa.

Kavuo alijipangusa uso kwa kiganja.

“Bwana yake,” alisema.

Wakavua viatu, wakaingia, wakaketi.